Somo la Mwezi: Mvua ya Kwanza Siyo Mvua ya Kupanda

Mwezi huu wa Februari vumbi la Ewuaso Kedong limepanda hadi kwenye mabati. Majani yamekauka, ng'ombe wanatembea mbali kutafuta maji, na kila jioni watu husimama mlangoni wakitazama upande wa Milima ya Ngong kama kuna wingu. Maulizo yanayoletwa hapa ofisini siku hizi ni moja tu: "Nipande lini?"

Swali hili ni fupi, lakini jibu lake ni chakula cha nusu mwaka. Mtu akipanda kabla ya wakati, mbegu huota kisha hukauka, na pesa ya mbegu hairudi. Akichelewa, mahindi hushikwa na jua kabla hayajazaa. Na kwa wale wanaolima mashamba ya ushirika, ambapo nyumba nyingi huchanga pesa kabla ya mvua ili wagawane mavuno baadaye, kosa la siku moja huwa hasara ya watu wote. Kwa hiyo somo la mwezi huu ni juu ya mvua ya masika na kupanda. Lisome polepole, tena lisomee na jirani asiyejua kusoma.

KWA NINI MVUA HUJA MWEZI WA TATU

Katika nchi za baridi, kama Uingereza na sehemu kubwa ya Marekani, mkulima hungojea baridi iishe. Theluji ikiyeyuka na udongo ukipata joto, ndipo apande. Huogopa usiku mmoja wa baridi kali utakaounguza miche yake. Huko Marekani, tangu mwaka 1986, yako mashamba madogo ambayo watu wa mjini hulipa sehemu yao kabla ya msimu, kisha hupewa kapu la mboga kila juma. Japani walianza jambo kama hilo mapema zaidi, katika miaka ya 1970. Wanaolipa hukubali kushiriki hatari pamoja na mkulima: mwaka ukiwa mwema wote hufurahi, ukiwa mbaya wote huvumilia.

Sisi hatuna theluji. Hatari yetu ni ukavu. Lakini jua linalowaletea wao joto ndilo linalotuletea sisi mvua, na sababu ni hii.

Kuanzia Desemba hadi Machi upepo wa Kaskazi hutuvumia kutoka pande za Arabuni. Upepo huo ni mkavu. Karibu na tarehe 20 Machi jua huvuka ikweta likielekea kaskazini. Mahali jua linapopiga wima, hewa hupata joto na kupanda juu, na pepo za kaskazini na za kusini hukutana hapo. Mahali pa kukutana ni kama mshipi wa mawingu unaozunguka dunia. Mshipi huo hulifuata jua, lakini huchelewa nyuma yake, kama ndama anavyomfuata mama yake kwa mbali. Ukipita juu yetu, sisi hupata masika ya Machi hadi Mei. Ukirudi kusini, tunapata mvua fupi za Oktoba hadi Desemba.

Lakini mshipi huu haufuati kalenda. Mwaka mmoja huwahi, mwaka mwingine husita, au huvutwa kando na dhoruba iliyoko mbali baharini. Wataalamu waliochunguza rekodi za Afrika Mashariki waliona kwamba tangu miaka ya 1980 hadi karibu na 2010 masika yalipungua, na sababu kubwa ilikuwa kwamba mvua zilichelewa kuanza na kuwahi kuisha. Baada ya hapo tumeona miaka ya mvua nyingi mno, kama 2018, 2020 na 2024, na pia tumeona misimu mitano mfululizo iliyoshindwa, kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022. Nani hapa kwetu asiyekumbuka mizoga ya ng'ombe ya miaka ile?

Basi usiseme, "Baba yangu alipanda tarehe 15 Machi, nami nitapanda tarehe 15 Machi." Tarehe haina maji.

BONDE LETU LINA DESTURI YAKE

Wakulima wengi wa makao mapya walikuja kutoka mahali penye mvua nyingi, nao walikuja na kalenda ya kule. Ukiwa Kikuyu au Limuru, manyunyu ya kwanza huwa ni dalili kwamba mengine yako njiani. Hapa sivyo.

Tazama jinsi nchi ilivyokaa. Upande wa mashariki iko Milima ya Ngong, yenye kimo cha mita 2,460, na ukingo mrefu wa Bonde la Ufa. Upepo wenye maji hutoka Bahari ya Hindi. Ukifika kwenye milima hulazimika kupanda, hupoa, na humwaga mvua yake huko juu. Kisha hushuka kwetu bondeni ukiwa umebaki mwepesi, na kila unaposhuka hupata joto na kukauka. Ndiyo maana unaweza kuona Ngong imefunikwa na wingu jeusi, nasi huku chini, kuelekea mlima Suswa, tunakula vumbi.

Tena udongo wetu mwingi ni majivu ya milima ya moto. Ni mwepesi, hulimika kwa urahisi, na maji hupenya upesi. Hiyo ni faida. Lakini hukauka upesi pia, na mvua kubwa huubeba kama unga. Mwezi wa Machi 2018, baada ya mvua nyingi, ufa mkubwa ulifunguka karibu na Suswa ukakata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok. Wengi walisema nchi inapasuka siku ile. Wataalamu wengi wa miamba walieleza kwamba ufa ulikuwako chini tangu zamani, umejaa majivu, na maji ya mvua ndiyo yaliyoyachukua majivu hayo. Hili tutalirudia tukifika kwenye habari za kuzuia maji.

KOSA LANGU LA MWAKA 2019

Si vizuri mwalimu kufundisha makosa ya wengine tu. Nitaeleza langu.

Mwaka 2019 nilikuwa nimekodi ekari moja. Jamaa zangu watano wanaokaa Ngong walinipa pesa kabla ya msimu, kwa mapatano kwamba kila mmoja atapata sehemu ya mahindi na maharagwe. Mwanzo wa Machi yalianguka manyunyu mchana wa siku mbili. Harufu ya udongo ilinipendeza, mikono ikaniwasha. Siku ya tatu nikapanda shamba lote: kilo 10 za mahindi, na maharagwe katikati ya mistari.

Mzee mmoja jirani yangu, Mmaasai mwenye ng'ombe wake, alipita akanikuta nikifukia.

"Mwalimu, umepanda?"

"Nimepanda, mzee. Mvua imekuja."

"Umechimba ukaona imefika wapi?"

Nikanyamaza, maana sikuwa nimechimba. Akachukua fimbo yake, akafukua kidogo. Chini ya upana wa vidole vinne palikuwa na vumbi jeupe. Mzee hakunicheka. Alisema tu, "Hii ilikuja kusalimia," akaenda zake.

Katikati ya mwezi ule kimbunga Idai kilipiga Msumbiji karibu na Beira, na pepo zenye unyevu zikavutwa kwenda huko kusini. Sehemu kubwa ya Kenya ilikaa kavu mwezi wote wa Machi na sehemu kubwa ya Aprili. Mahindi yangu yaliota mistari mistari, yakafika kimo cha kidole, yakawa manjano, yakafa. Maharagwe mengine yalioza, mengine yaliliwa na mchwa. Mvua ilipokuja kwa kweli ilibidi nikope pesa ya mbegu tena. Nilipata maharagwe kidogo, lakini mahindi hayakuzaa.

Hasara ya mbegu niliilipa. Kilichokuwa kigumu zaidi ni kupanda gari kwenda Ngong, kuingia nyumba tano, moja baada ya moja, na kuwaeleza watu walioniamini kwamba chakula chao hakipo. Shangazi yangu alisema, "Mwanangu, mvua ni ya Mungu." Lakini mimi nilijua kwamba fimbo ya mzee yule ingeweza kuniambia ukweli kabla sijafungua mfuko wa mbegu.

JINSI YA KUPIMA MVUA

Jambo la kwanza ni kuwa na kipimo. Si lazima ununue. Tafuta kopo lenye pande zilizosimama wima, lisilopanuka juu wala chini. Lifunge juu ya kigingi kwa kimo cha goti, mahali pa wazi, mbali na miti na nyumba. Kila siku saa tatu asubuhi tia rula ndani, soma milimita, andika katika daftari, kisha mwaga maji. Ukiacha kuandika siku moja umeharibu hesabu.

Milimita moja maana yake ni nini? Ni lita moja ya maji juu ya kila mita moja ya mraba. Ekari moja ina mita za mraba 4,047. Basi mvua ya milimita 20 imemwaga katika ekari yako lita zaidi ya 80,000, yaani madebe 4,000 ya maji. Fikiri ni punda wangapi wangeyabeba! Na hapo utaona kwamba manyunyu ya milimita 5, ingawa yanalowesha shati, ni kitu kidogo. Jua la Machi laweza kuyanyonya kutoka udongo ulio wazi kwa siku moja au mbili.

Kanuni ambayo wataalamu wengi huitumia ni hii: hesabu siku tatu zinazofuatana. Ikiwa jumla ya mvua imefika milimita 20 au zaidi, hiyo yaweza kuwa mvua ya kupanda.

Mfano wa kwanza: Jumatatu milimita 8, Jumanne hakuna, Jumatano milimita 5. Jumla ni 13. Usipande.

Mfano wa pili: Jumatatu milimita 3, Jumanne 11, Jumatano 9. Jumla ni 23. Nenda kwenye jambo la pili.

Jambo la pili ni kuchimba. Usichimbe mahali pamoja tu. Chimba mahali patano: juu, chini, katikati na kando mbili. Unyevu uwe umefika shibiri moja, yaani kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole kidogo mkono ukiwa umetanuliwa. Shika udongo wa chini ufinyange. Ukishikamana ni sawa. Ukimwagika kati ya vidole, ngoja.

Jambo la tatu ni kuuliza habari za mbele. Kopo hueleza yaliyopita tu, na adui yetu ni siku kumi au zaidi za jua baada ya kupanda. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ya Kenya hutoa habari za masika kabla msimu haujaanza, na kisha habari za kila juma na za kila kaunti. Zisikilize redioni, au mwulize Afisa wa Kilimo wa wadi yako. Utabiri si ahadi. Lakini ukisema kwamba juma lijalo litakuwa kavu, na kopo lako lina milimita 21 tu, mwenye busara hungoja.

LAKINI USICHELEWE

Wengine wakisikia somo hili watasema, "Basi nitangoja hadi mvua izoee." Hilo nalo ni kosa, kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni chakula kilichomo udongoni. Mwaka 1958 mtaalamu aitwaye Birch, aliyefanya kazi Muguga, huko juu ya ukingo wa bonde letu, alieleza jambo la ajabu. Udongo uliokauka sana ukinyeshewa mara ya kwanza, wadudu wadogo wasioonekana kwa macho huamka na kula mabaki ya majani na mizizi, na kwa siku chache huachilia naitrojeni nyingi kuliko wakati mwingine wowote. Ni mbolea ya bure. Mahindi yakiwa yameota wakati huo yataila. Yasipokuwapo, italiwa na magugu au itazama chini na maji. Ndiyo sababu mahindi yaliyopandwa mapema huwa ya kijani kibichi, na ya jirani aliyechelewa majuma mawili huwa manjano, ingawa shamba ni lile lile.

Sababu ya pili ni urefu wa msimu. Wazee wetu walikuwa na kalenda ya nyota. Kile kikundi cha nyota ambacho kwa Kiswahili huitwa Kilimia, jina linalotokana na kulima, Wamaasai hukiita Nkokua, na masika yenyewe huitwa kwa jina hilo. Mwezi wa Machi Kilimia huonekana magharibi baada ya jua kutua. Kila juma hushuka chini zaidi, na katika Mei huzama pamoja na jua kisha hakionekani. Wamaasai walijua kwamba kikishazama mvua kubwa zimekwisha. Kikirudi alfajiri mashariki, mwezi wa Juni, ni wakati wa ukavu na baridi.

Hesabu basi kutoka siku unayopanda hadi Kilimia kizame katika Mei. Ukipanda tarehe 25 Machi, una karibu majuma saba ya mvua. Ukipanda tarehe 20 Aprili, una majuma matatu au manne tu. Mahindi ya Katumani, yaliyotolewa kituo cha utafiti cha Katumani huko Machakos kwa ajili ya nchi kavu, huchukua siku 90 hadi 120. Siku za mwisho yatakunywa maji yaliyowekwa akiba udongoni, ikiwa yapo. Maharagwe ya muda mfupi, kama KAT B1, huhitaji miezi miwili na zaidi kidogo.

Kwa hiyo shika mpango huu:

Mvua ya kupanda ikija kabla ya mwisho wa Machi, panda mahindi ya muda mfupi, mtama, maharagwe, kunde na ndengu.

Ikija katika majuma mawili ya kwanza ya Aprili, punguza mahindi, ongeza maharagwe, kunde na ndengu.

Ikija baada ya hapo, usipande mahindi ya kuvuna nafaka. Panda kunde, ndengu na maharagwe, na mtama au mahindi ya kulisha ng'ombe tu.

SHAMBA LA WATU WENGI

Tuchukue mfano wa kikundi cha nyumba 20 chenye ekari 2. Kila nyumba imetoa shilingi 1,500, jumla shilingi 30,000. Makosa ya vikundi vingi ni kutumia pesa zote kabla ya tone la kwanza. Yafaa wagawe hivi:

Kulima: shilingi 9,000.
Mbegu: shilingi 9,000.
Mbolea ya zizi na palizi: shilingi 6,000.
Akiba ya kupanda tena: shilingi 6,000.

Akiba hiyo isiguswe hata kama mwenyekiti ana arusi. Ikiwa msimu utakwenda vizuri, itanunua mbegu za mvua fupi za Oktoba.

Shamba nalo ligawanywe. Ekari 2 ni robo 8. Robo 3 ziwe mahindi pamoja na kunde, robo 2 maharagwe, robo 1 ndengu, robo 1 mtama, na robo 1 ya mboga karibu na tangi la maji. Jua likikaza, mahindi yatalia kwanza, lakini mtama hulala ukangoja, na kunde hutoa majani ya mboga hata mwaka mbaya. Nyumba 20 haziwezi kushiba kwa maneno, lakini zinaweza kuvumilia kwa kunde na ndengu.

Kuna wanaopanda katika udongo mkavu kabla ya mvua. Si vibaya ikiwa ni robo moja tu, ya mtama au mahindi, na mbegu ifukiwe sentimita 7 au 8 ili manyunyu yasiiamshe. Usipande maharagwe kavu, yataoza au yataliwa. Jua pia kwamba panya na mchwa hawangoji utabiri.

Katika udongo wenye unyevu panda mahindi sentimita 5 chini, mistari iachane sentimita 90, na shimo hadi shimo sentimita 30. Weka mbegu mbili, kisha ng'oa mche dhaifu. Ekari moja itabaki na miche karibu 15,000. Wengine hubananisha wakidhani miche mingi ni magunia mengi. Maji ya bondeni hayatoshi kunywesha umati.

Jambo la mwisho kwa vikundi: amueni mapema ni nani atakayesema "tupande." Chagueni watu watatu, mmoja wa kusoma kopo, mmoja wa kuchimba, mmoja wa kusikiliza utabiri. Wakikubaliana wote watatu, shamba lipandwe siku mbili zinazofuata. Na daftari la mvua lisomwe mbele ya wote. Mtu aliyetoa shilingi 1,500 akiona hesabu kwa macho yake, hata mvua ikikataa, hatasema amedanganywa.

KUZUIA MAJI YASIKIMBIE

Mvua yetu huja kwa hasira. Milimita 30 zaweza kushuka kwa saa moja, na nusu yake ikaenda korongoni na udongo wako. Kabla ya Machi kuisha chimba mitaro ya "fanya juu" kufuata usawa wa mteremko, ukitupa udongo upande wa juu. Limeni kwa kukata mteremko, kamwe si kwa kuufuata. Mabua ya mwaka jana yasichomwe, yatandazwe kati ya mistari, ili yazuie jua na yavunje nguvu ya matone.

Usilime katika njia ya asili ya maji hata kama pana rutuba. Ukiona ufa mdogo au shimo jipya baada ya mvua, usiuelekezee mtaro. Weka alama, watoto na ng'ombe wakae mbali, na mwarifu Chifu. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024 maji yaliyoshuka juu ya Mai Mahiu yalichukua nyumba na watu wengi. Maji tunayoyaomba yaweza pia kuua, nasi yatupasa kuyaheshimu.

Paa pia ni shamba la maji. Nyumba ya mabati yenye urefu wa mita 6 na upana wa mita 5 hupokea lita 600 kwa mvua ya milimita 20. Hayo ni madebe 30 ya kunyweshea mboga wakati wa pengo.

BAADA YA KUPANDA

Palilia mara ya kwanza kabla mahindi hayajafika goti. Gugu moja hunywa maji ya mhindi mmoja. Tazama ndani ya majani mara mbili kwa juma. Viwavijeshi vamizi, ambao walionekana Kenya mwaka 2017, hupenda mahindi machanga wakati wa siku kavu. Ukiona matundu na kinyesi kama unga wa mbao kwenye moyo wa mmea, waue kwa mkono mapema, au uliza dawa iliyoruhusiwa.

Juni na Julai baridi na umande huleta ugonjwa wa kuungua majani kwa nyanya na viazi. Usipande nyanya mwisho wa Mei ukitegemea bahati.

Na mvua zikikataa kabisa? Usiyakodolee macho mahindi hadi yawe makaratasi. Yakianza kujikunja tangu asubuhi, na hakuna mvua inayotazamiwa, yakate yakiwa bado kijani uwape ng'ombe. Umepoteza nafaka, lakini umeokoa maziwa. Ila shika sana neno hili: usifungulie ng'ombe katika mtama mchanga ulionyauka, maana una sumu inayoweza kuwaua kwa muda mfupi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini Ngong hunyeshewa na Ewuaso Kedong hubaki kavu?
2. Kopo limeonyesha milimita 7, 6 na 4 kwa siku tatu. Je, utapanda?
3. Mvua ya kupanda imekuja tarehe 22 Aprili. Utapanda nini, na utaacha nini?
4. Paa lako lina mita za mraba 40. Mvua ya milimita 15 itatoa lita ngapi?

Majibu: La kwanza, upepo humwaga maji yake ukipanda milima, kisha hushuka mkavu. La pili, hapana, jumla ni 17 tu. La tatu, utapanda kunde, ndengu na maharagwe, na utaacha mahindi ya nafaka. La nne, lita 600.

Ndugu mkulima, leo jioni, kabla hujalala, tafuta kopo lako na ulifunge juu ya kigingi. Mawingu yakija hayatakuwa na nafasi ya kukungoja. Na siku ile harufu ya udongo itakapokupendeza na mikono ikakuwasha, chukua fimbo, chimba, utazame kwanza.

Mungu atujalie masika mema.